Finjani ya Shangazi Fidda

Siku ya kwanza ya mafunzo Rudaina alimsalimu mwenzake kwa adabu zote, na nusura wagombane.

Mafunzo yenyewe yalikuwa Amman, mtaa wa Luwaibda, katika nyumba ya kale ya mawe ambayo yasmini ilikuwa imeipanda ukuta mpaka ikachungulia dirisha la juu. Walikuja waandishi wa habari na wachora katuni kutoka nchi za Waarabu, huyu katoka Sanaa, yule Tunis, mwingine Aleppo, wakapangwa wawili wawili, mwandishi na mchoraji, kila mmoja na mtu wa nchi nyingine. Kila jozi itoe ukurasa mmoja, habari na katuni yake, juu ya jambo linalowauma watu ndani ya nyumba zao na lisilosemwa. Ukurasa utakaopita ungechapwa katika gazeti la mjini humo, na mwenye kuuchora angeajiriwa. Rudaina, mwenyeji wa pale, alikuwa akichorea gazeti hilo kwa kubahatisha, leo wanamchukua, kesho hawamtaki.

Mwenzake alikuwa Zuheri, mwandishi wa Meknes huko Moroko, kijana mrefu anayeongea kama anayakimbiza maneno yasimpite. Alikuwa anapandisha meza ngazini, jasho linamchuruzika, Rudaina akamwambia lile ambalo kwao humwambia mtu yeyote aliye kazini:

"Mungu akupe afya."

Zuheri akaitua meza. "Dada, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimekuombea afya."

"Ndiyo nakuuliza. Hatujajuana hata saa moja unaniombea moto?"

Ikabidi Mtunisi mmoja aje kuwaamua. Kumbe kwao Zuheri neno hilo la afya ndilo jina la moto, wa jikoni na wa Jehanamu. Rudaina alicheka akakaa kwenye ngazi, na Zuheri naye akacheka, na tangu hapo ikawa ndiyo salamu yao ya asubuhi. "Moto upo?" "Unawaka."

Mwalimu wa wachoraji alikuwa Bi Grasa, mwanamke mtu mzima wa Ureno aliyechora katuni tangu enzi ambazo kwao mchoro ulimtia mtu kifungoni. Nywele zake nyeupe alizifunga fundo, na ndani ya fundo alichomeka penseli, mbili hata tatu, kisha akazitafuta mezani. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alichookota alikitunza. Hakuwahi kusahihisha mchoro wa mtu kwa kalamu yake. Aliweka kidole pembeni ya karatasi, akauliza swali moja, akaondoka zake, akakuachia usingizi wa shida. Rudaina alimpenda hivyo alivyo, na alimwogopa vile vile.

Jambo alilolichagua Rudaina lilikuwa la mirathi. Kwao, baba akifa, dada hupewa karatasi ya kuwaachia kaka zake sehemu yake. Dini imempa sehemu hiyo na sheria imempa, lakini aibu humnyang'anya. Watu watasema anataka kumpeleka mgeni, yaani mumewe, katika shamba la babu zao. Basi hutia kidole chenye wino, akapewa kiridhisho, zulia au kondoo, na mambo yakaisha. Shangazi yake Rudaina, Fidda, alitia kidole hicho matanga ya baba yake yakiwa hayajapoa. Kiridhisho chake kilikuwa zulia jekundu. Rudaina alizaliwa akalikuta zulia hilo, akajifunza kutambaa juu yake.

Alichora mwanamke aliyeinama mpaka kidevu kinagusa magoti, kidole gumba cheusi kwa wino, kikubwa kuliko kichwa, na juu ya kidole wamekaa wanaume wawili wanene wakila zeituni na kutema kokwa. Darasa zima lilisimama kuutazama. Mmisri mmoja alipiga mluzi wa kusifu.

Bi Grasa akaweka kidole chake pembeni.

"Mama huyu jina lake nani?"

"Ni mama yeyote, mwalimu."

"Ana chale kidevuni, nukta tatu. Mama yeyote hana nukta tatu." Akangoja. "Ameuona mchoro?"

Rudaina akaufunika mchoro kwa kiganja.

"Kwangu mtu hachorwi mpaka aione karatasi," akasema Bi Grasa. "Akikataa, unachana. Nilichana nyingi. Mkono wako ni mzuri sana, Rudaina. Ndiyo maana naogopa."

Jioni Zuheri alimkuta akizungusha penseli bila kuchora.

"Twende basi tukamwonyeshe," akasema. "Mimi nami siwezi kuandika habari ya mtu sijamsikia."

"Hujui unachosema. Shangazi anakaa kijijini, nyumbani kwa Ami Nawafu, ndugu yake, mmoja wa hawa wanene wawili. Mwingine ni marehemu baba yangu. Ami akisema hapana, ni hapana. Mchoro utakufa, na mimi pale nyumbani sitakanyaga tena."

"Na usipokwenda?"

"Utakufa hapa hapa, mkononi mwa Bi Grasa."

"Bora ufie nyumbani kwao."

Rudaina hakuweza kusafiri na kijana asiye ndugu yake, wawili peke yao, basi Bi Grasa akajitia katika safari. Siku hiyo alifunga mtandio wa hariri, Zuheri akavaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na njiani walinunua sinia la kunafa, tambi tamu zenye jibini, kwa kuwa mtu haendi mikono mitupu. Rudaina aliendesha gari la kaka yake huku akiwafundisha adabu za kahawa. Pokea kwa mkono wa kulia. Ukitosheka, tikisa finjani. Usipotikisa utamiminiwa mpaka Kiyama. Mengine hakuyasema, kwa sababu mtu hakumbuki kufundisha jambo alilozaliwa nalo.

Ami Nawafu aliwapokea mlangoni kwa furaha kubwa. Alikuwa mzee mwenye mabega mapana na ndevu zilizochongwa, na uso wake haukuwa wa unene hata kidogo. Akawakalisha sebuleni kwenye magodoro ya ukutani, wanawe wakaja kuamkia, majirani wawili nao wakajipenyeza, maana gari geni halipiti kijijini likaachwa lipite. Mkewe, Mama Sattam, na Shangazi Fidda walikaa upande wa mlango wa ndani, juu ya lile zulia jekundu. Shangazi alimpa Rudaina shavu lake, akamnusa shingo kama alivyomnusa utotoni.

"Umekonda. Huko Amman hawajui kuoka mkate?"

Ami akaja na dele la kahawa mwenyewe. Kahawa yake ilikuwa chungu, imejaa hiliki, na humiminwa kidogo tu chini ya finjani, funda moja au mawili. Bi Grasa akanywa, akasahau kutikisa, akamiminiwa. Akanywa, akasahau. Mara ya nne Rudaina akamkonyeza, mwalimu akaitikisa kwa nguvu kama njuga.

Zamu ikafika kwa Zuheri. Kahawa ilimchoma ulimi. Akaitua finjani mbele yake juu ya mkeka ipoe, akaanza kutafuta kalamu mfukoni.

Jirani mmoja alikuwa anatafuna kunafa, akaacha kutafuna. Rudaina alielewa kabla ya wote, na alikuwa amechelewa. Kwao mtu haweki finjani chini hivi hivi. Anayeiweka bila kunywa amekuja na haja, na hatainywa mpaka apewe. Hivyo ndivyo wazee wanavyopatanisha waliouana. Na hivyo ndivyo wanavyoposa.

Ami Nawafu alisimama na dele mkononi. Akatazama shati lililopigwa pasi. Akatazama sinia la kunafa. Akamtazama Bi Grasa na mtandio wake wa hariri.

"Mwanangu," akasema polepole, "una haja?"

Zuheri akafurahi kuona mzee amemrahisishia. "Ninayo, Ami. Ndiyo iliyonitoa Amman."

"Inamhusu mtu wa nyumba hii?"

"Inamhusu mwanamke wa nyumba hii."

Macho yote yakamgeukia Rudaina. Alifungua mdomo kusema, Ami akamtangulia.

"Na mama yako huyu ameridhia?"

Zuheri akamtazama Bi Grasa. "Huyu ndiye aliyenituma, Ami. Bila yeye nisingethubutu."

Bi Grasa alisikia ametajwa, akatabasamu na kuinamisha kichwa. Mama Sattam tayari alikuwa ameweka kiganja mdomoni kwa kigelegele.

Ami akajikohoza. "Kijana umekuja kwa mlango, hukuja kwa dirisha, na mama yako umemleta. Mimi si mtu wa kumzungusha mgeni. Kunywa kahawa yako. Ulilolijia umelipata, binti mwenyewe akikubali."

Zuheri akainywa yote, akashukuru kwa mkono kifuani. "Basi naomba aitwe Shangazi Fidda."

"Fidda?"

"Ndiye niliyemjia."

Jirani akapaliwa na kunafa. Mama Sattam alishusha mkono kutoka mdomoni, kigelegele kikamgeuka kicheko, akaanguka ubavu. Shangazi Fidda, mjane mwenye wajukuu, alijitengeneza mtandio taratibu.

"Mwambieni nimekubali," akasema. "Ila meno yametangulia kaburini, asije akadai."

Ilichukua muda mrefu kumweleza Zuheri alichokifanya, na alipoelewa masikio yake yaliiva kama nyanya. Ami alicheka akifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Mmoroko! Umeposa ukoo mzima!" Hata Bi Grasa, alipotafsiriwa kwamba amepata mwana na mkwe kwa mpigo, alicheka mpaka penseli ikamdondoka kichwani.

Kisha Ami akauliza, "Haya, haja yenyewe ni nini?"

Zuheri alikuwa mtu mkweli. "Nataka kumwuliza kwa nini alitia kidole, Ami, kwenye karatasi ya shamba."

Kicheko kikakatika. Sattam, mtoto mkubwa, aliinuka nusu. Ami Nawafu akamtuliza kwa mkono bila kumtazama. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa.

"Nilisema umelipata," akasema. "Neno limekwishanywewa. Fidda, njoo useme."

Shangazi akasogea, lakini hakusema kwanza. Alimnyooshea Rudaina mkono. "Lete hiyo karatasi unayoikalia tangu ulipoingia."

Rudaina akaitoa. Shangazi akaishika mbali, kisha karibu, akaipeleka penye mwanga wa dirisha. Aliutazama mchoro kwa muda ambao Rudaina hajapata kuuona mrefu hivyo, hata katika mtihani.

"Kidole ni changu," akasema. "Nukta zangu umeziweka vizuri, mama angefurahi. Lakini mgongo huu si wangu. Nani kakwambia niliinama? Nilikaa wima kama leo. Na hawa si ndugu zangu. Baba yako alikuwa mwembamba kama fito, na huyu Nawafu siku ile alilia. Alilia na akaipokea karatasi. Yote mawili."

Ami alikuwa anatazama ndani ya dele.

"Kwa nini ulikubali, Shangazi?" Zuheri akauliza, taratibu, maneno yake kwa mara ya kwanza hayakukimbia.

"Nilikuwa mke mchanga kwa mume mkali. Dada anayechukua shamba hupoteza mlango wa kaka yake. Nikipigwa nitakimbilia wapi, kwenye mizeituni? Nikachagua mlango. Na mlango sikunyimwa, nasema haki, nilirudi nikapokelewa. Mafuta ya shamba yakamsomesha huyu Rudaina, sijuti. Lakini mtu hapaswi kuchagua kati ya mlango na haki yake, mwanangu. Andika hivyo. Andika na jina langu."

Zuheri akaandika. Halafu akauliza, kwa ujinga wake ule ule wa mgeni ambao siku hiyo ulikuwa baraka:

"Na wewe kwa nini hukuweka finjani chini?"

"Hiyo ni ya wanaume."

"Nani kasema?"

Watu wakatazamana. Ami Nawafu akajibu mwenyewe, maana ni mtu wa haki hata inapomchoma. "Hakuna aliyesema. Haijapata kutokea tu."

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Shangazi Fidda alinyoosha mkono wa kulia, ule wenye kidole.

"Nimiminie, Nawafu."

Hakuna mtu wa pale anayeweza kumnyima mtu kahawa. Ami akammiminia. Mdomo wa dele uligonga ukingo wa finjani, na mkono wa mzee huyo haukuwa na kawaida ya kugonga. Shangazi akaipokea, akaitazama, akaiweka chini juu ya zulia jekundu, katikati yao wawili.

"Nina haja," akasema. "Sitaki lote. Kile kitalu cha mizeituni karibu na kisima, nilichokipanda na mama tukiteka maji kwa ndoo. Nakitaka kwa jina langu, nimwachie binti yangu."

Ami alisimama. Nje muadhini akaanza, na mzee akasema kwa sauti ndogo, "Ni sala," akatoka. Waliletewa sinia la mansafu, wali umelowana mtindi, nyama juu, wakala kama watu wanaokula karibu na mtoto aliyelala. Finjani ilikaa pale pale. Kila aliyepita aliizunguka.

Wakati wa kuagana Rudaina alimshika shangazi yake mikono yote miwili. "Nichane?"

"Ule, chana. Wangu nichoree mwingine, ulichokiona leo. Kisha nionyeshe, si mwalimu wako kasema."

Waliporudi Amman, Rudaina alichora na kufuta mpaka vumbi la ufutio likajaa mapajani. Mwishowe alibakiwa na vitu vichache: zulia, mkono wa mwanamke unaotoka pembeni, kidole gumba chenye wino, na finjani iliyowekwa chini ikifuka moshi. Hakuna uso, hakuna mnene, hakuna maneno.

Bi Grasa akaweka kidole pembeni. "Kwetu hakuna atakayeelewa. Wataona kahawa."

"Niongeze maandishi?"

"Kwenu wataelewa?"

"Hata mtoto."

"Basi acha. Mgeni ni mimi, nitaelezwa." Akachomoa penseli kutoka kwenye fundo la nywele zake, ile fupi aliyoitumia siku zote, akaiweka juu ya meza ya Rudaina, akaenda kwa mwanafunzi mwingine bila kusema kitu.

Mchoro ukapigwa picha ukatumwa kwenye simu ya Mama Sattam. Jibu likarudi kwa sauti ya Shangazi, inayosema karibu mno na simu kama anailisha.

"Rudaina mwanangu. Nimeuona. Ni mimi. Ila moshi utoe. Unachora moshi wa nini? Kahawa imepoa. Tangu mmeondoka iko pale, Mama Sattam anafagia kuizunguka, na Nawafu anapita mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Imeshika ngozi juu. Toa moshi."

Rudaina alitoa moshi. Akachora utando mwembamba juu ya kahawa, mstari mmoja tu, na mstari huo ukaubeba mchoro wote. Mmisri wa mluzi aliutazama, safari hii hakupiga mluzi. Aliuliza tu, "Mama wa watu yuko anangoja mpaka sasa?"

Ukurasa wao ulichapwa, habari ya Zuheri upande wa kulia, yenye jina la Fidda kamili na maneno yake hayajapunguzwa, na finjani upande wa kushoto. Asubuhi hiyo Rudaina alikuwa na barua ya kazi ndani ya mkoba na hakuwa ameifungua. Alikaa ngazini, simu mapajani, akiwaza kwamba amemchukulia shangazi yake ule mlango alioununua kwa shamba. Zuheri akaja akakaa ngazi ya chini yake.

"Moto upo?"

"Umezimika."

Simu ikalia. Ni sauti nyingine kutoka kwa Mama Sattam, lakini mwanzoni hapakuwa na mtu anayesema. Kulikuwa na mchi unatwanga buni, ko ko ko, taratibu, ule mwendo wa Ami Nawafu ambao Rudaina angeutambua hata usingizini. Kisha maji yanamwagwa, kitu kinasuuzwa. Kisha sauti ya mzee, imekwaruza.

"Dukani wameliona gazeti, wameniuliza finjani ya nani hii. Nikawaambia ni ya dada yangu. Wakaniuliza, umemjibu? Nikakosa la kusema mbele ya watoto wadogo, Fidda." Kahawa ikamiminwa, na mdomo wa dele haukugonga ukingo. "Hii ya moto. Kesho tunakwenda na Sattam kwa karani wa ardhi. Kunywa kahawa yako. Ulilolijia umelipata."

Zuheri akainamia simu. Wote wawili wakasikia funda la kwanza, refu, la mtu asiye na haraka, na la pili. Halafu Shangazi Fidda akasema:

"Hiliki umezidisha."